Panya Wadogo wa Opera: Mamlaka na Ukinzani wa Wacheza Baleti Wachanga katika Sanaa ya Edgar Degas, 1868–1882

Ikisiri

Makala hii inachunguza uhusiano wa mamlaka na ukinzani katika picha na sanamu za wacheza baleti wachanga wa Opera ya Paris zilizobuniwa na Edgar Degas (1834–1917). Kwa muda mrefu kazi hizo zimetazamwa kama sifa kwa uzuri wa densi. Makala inaonesha kuwa nyingi kati yake zinahusu kazi: mafunzo, mtihani, uchovu na kungoja. Kwa kutumia mawazo ya Foucault kuhusu nidhamu na ya Scott kuhusu silaha za wanyonge, pamoja na msamiati wa Kiswahili wa kutegea, kususa na mgomo baridi, inajengwa hoja kwamba ukinzani wa wasichana hao haukuwa na sauti. Ulikaa mwilini na katika daftari la faini, na mamlaka yaliupa majina ya uvivu na upotovu. Maisha ya Marie van Goethem, aliyekuwa kielelezo cha sanamu ya mwaka 1881, ndiyo kiini cha uchambuzi. Makala inamalizia kwa mafunzo yanayowahusu watunga sera za watoto wanaofanya kazi katika sanaa za jukwaani.

1.0 Utangulizi

Katika maonyesho ya sita ya wachoraji waliojulikana kama Waimpreshonisti, yaliyofunguliwa Paris mwezi Aprili 1881, kasha moja la kioo lilikaa tupu kwa siku kadhaa. Hatimaye Degas aliweka ndani yake sanamu ya nta ya msichana, yenye urefu wa karibu mita moja. Msichana amesimama, mguu mmoja mbele, mikono imeshikana nyuma ya mgongo, kidevu kimeinuliwa na macho yamefumbwa nusu. Amevikwa kijiblauzi halisi, sketi ya shashi, viatu vya kitambaa na wigi la nywele za binadamu lililofungwa utepe. Jina la sanamu lilikuwa Mcheza Densi Mdogo wa Miaka Kumi na Minne.

Jina hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Linataja kazi ya msichana, kimo chake na umri wake, lakini halimtaji yeye. Hata hivyo, msichana alikuwa na jina, naye Degas alilijua, kwa kuwa aliliandika pamoja na anwani ya nyumbani kwao kwenye mojawapo ya michoro ya maandalizi. Aliitwa Marie. Baina ya jina lililoandikwa pembeni mwa karatasi ya msanii na jina lililowekwa mbele ya umma, kuna historia nzima ya nani alikuwa na uwezo wa kumtaja nani, na kwa neno gani.

Historia hiyo ndiyo inayochunguzwa hapa. Swali la msingi ni hili: je, picha na sanamu zilizotengenezwa na mwanamume wa tabaka la juu, kwa ajili ya wanunuzi wa tabaka lake, zinaweza kutumika kama ushahidi wa ukinzani wa wasichana maskini waliochorwa? Makala inajibu kuwa zinaweza, kwa sharti kwamba zisomwe sambamba na kanuni za taasisi iliyowaajiri wasichana hao, na kwamba msomaji awe mwangalifu kuhusu maneno anayotumia kuita anachokiona.

2.0 Mkabala wa Uchambuzi

Mihimili miwili ya kinadharia inatumika. Wa kwanza ni wa Michel Foucault (1975), anayeona kuwa taasisi za zama mpya hutawala miili ya watu kwa kuigawa, kuipangia ratiba, kuichungulia na kuipima. Kwake, mtihani ni chombo cha pekee kwa sababu unaunganisha jicho linalotazama na hukumu inayoweka mtu katika daraja. Wa pili ni wa James Scott (1985), aliyetokana na utafiti wake miongoni mwa wakulima wa Malaysia. Scott anabainisha kuwa wanyonge mara chache huasi waziwazi. Hutumia silaha ndogondogo: kuchelewa, kujifanya hawaelewi, kufanya kazi kwa kuburuta miguu, kunung'unika.

Mihimili hii inaongezewa nguvu na msamiati ambao Kiswahili kinao tayari. Mtu anayetegea huondoa nguvu zake kwenye kazi huku akionekana yupo. Mtu anayesusa hujiondoa kwa sababu ameumizwa, na kujiondoa kwake ni ujumbe kwa aliyemuumiza. Wanaofanya mgomo baridi huendelea kuwa kazini, lakini kazi haiendi. Maneno haya matatu yanatofautisha mambo ambayo neno moja la jumla kama ukinzani huyafunika. Tena yana hukumu ndani yake: mtegeaji hulaumiwa, anayesusa huweza kubembelezwa, na wanaogoma hutazamwa kama watu wenye madai. Kwa hiyo kuchagua neno ni kuchagua upande, jambo ambalo, kama itakavyoonekana, wahakiki wa mwaka 1881 walilifanya bila kusita.

3.0 Opera ya Paris na Milango ya Mamlaka

3.1 Ukumbi wa Densi na Wateja wa Msimu

Mwaka 1831 uendeshaji wa Opera ya Paris uliondolewa mikononi mwa jumba la kifalme na kukabidhiwa kwa mfanyabiashara, Louis Véron, aliyepewa ruzuku ya serikali lakini akatakiwa kubeba hasara na faida mwenyewe. Véron alihitaji fedha za wateja wa kudumu. Mojawapo ya hatua zake ilikuwa kuwafungulia wateja hao ukumbi wa densi, yaani foyer de la danse, chumba kilicho nyuma ya jukwaa ambamo wachezaji walinyoosha viungo kabla ya kutokea mbele ya watazamaji. Wateja wa msimu, walioitwa abonnés, walikuwa wanaume wenye mali na vyeo waliolipia viti kwa msimu mzima. Pamoja na kiti walinunua haki ya kupita mlango ambao mtazamaji wa kawaida hakuuona.

Uzito wa wateja hao ulidhihirika Machi 1861. Richard Wagner alipoonesha opera yake Tannhäuser jijini Paris, aliweka sehemu ya densi katika tendo la kwanza. Wanachama wa Jockey Club, klabu ya matajiri iliyoanzishwa mwaka 1834, walikuwa na desturi ya kufika baada ya chakula cha jioni na walitarajia kuona baleti katika tendo la pili. Walipiga miluzi na makelele hadi opera hiyo ikaondolewa baada ya maonyesho matatu tu. Ikiwa mtunzi mashuhuri aliyepata idhini ya Kaizari Napoleon III hakuweza kuwapinga watu hao, ni rahisi kukisia nafasi ya msichana wa miaka kumi na minne aliyekutana nao ukumbini.

Jengo la zamani la Opera katika mtaa wa Le Peletier liliteketea kwa moto Oktoba 1873. Jengo jipya lililobuniwa na Charles Garnier lilizinduliwa tarehe 5 Januari 1875, likiwa na lango la pekee la wateja wa msimu na ukumbi wa densi uliopambwa kwa fahari. Kile kilichoanza kama mbinu ya kibiashara ya Véron sasa kilikuwa kimejengewa kuta na ngazi.

3.2 Mtihani, Cheo na Faini

Mlango wa pili wa mamlaka ulikuwa wa taasisi yenyewe. Wanafunzi wa shule ya densi waliitwa petits rats, yaani panya wadogo. Wengi walitoka katika familia za madobi, washonaji, mabawabu na vibarua. Juu yao palikuwa na ngazi ndefu ya vyeo: kundi la quadrille, kisha coryphées, kisha sujets, hadi nyota wachache waliojulikana kwa majina. Kupanda ngazi kulitegemea mtihani. Mwaka 1860 mfumo wa mitihani ya ushindani uliimarishwa kwa mchango wa Marie Taglioni, mchezaji aliyepata umaarufu mkubwa mwaka 1832 katika baleti La Sylphide. Aliyefaulu alipanda cheo na mshahara. Aliyeshindwa alibaki chini, na umri ulizidi kusonga.

Sambamba na mtihani kulikuwa na faini. Kuchelewa, kukosa darasa au kukosa mazoezi kulikatwa kwenye ujira ambao tayari ulikuwa mdogo. Hapa milango miwili inakutana. Mshahara usiotosha, uliopunguzwa zaidi na faini, ulimwacha msichana na familia yake wakihitaji pato la ziada, na mteja wa msimu alikuwa hatua chache tu kutoka mahali pa kazi. Haikuhitajika kanuni yoyote iliyoandikwa ya kumlazimisha. Mpangilio wa fedha na wa vyumba ulitosha.

3.3 Mama Mwenye Mwavuli

Katika picha nyingi za Degas wapo wanawake wazima waliovaa nguo za mtaani, wameketi kando ya darasa. Ni mama za wasichana. Mwandishi Ludovic Halévy, rafiki wa Degas, aliwafanyia dhihaka katika hadithi zake kuhusu familia ya Cardinal, ambamo mama hupanga mambo ya binti zake wawili na wanaume wa ukumbini. Degas alitengeneza mfululizo wa picha za chapa kwa ajili ya hadithi hizo, ingawa hazikutolewa pamoja na kitabu wakati wa uhai wao.

Dhihaka hiyo inafaa kusomwa kwa tahadhari. Halévy mwenyewe alikuwa mgeni wa kila mara nyuma ya jukwaa. Hadithi inayomweka mama maskini katikati ya uovu humwondolea lawama mwanamume mwenye fedha, ambaye hubaki kama mpita njia tu. Picha ya pasteli iitwayo Kungoja, ya mnamo 1882, inatoa sura tofauti. Msichana ameinama akishika kifundo cha mguu. Kando yake ameketi mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, mwavuli mkononi, macho chini. Hawazungumzi. Hakuna anayeuza wala anayenunua katika picha hiyo. Kuna watu wawili waliochoka, wanaongoja kuitwa.

4.0 Ukinzani Uliochorwa

4.1 Kukataa kwa Wazi na Gharama Yake

Ukinzani wa wazi ulikuwepo, lakini mfano wake maarufu unaonesha kwa nini haukuwa njia rahisi. Baada ya ajali kadhaa za moto uliotokana na taa za gesi, wachezaji walitakiwa kuvaa sketi zilizotiwa dawa ya kuzuia moto. Dawa hiyo ilikakamaza kitambaa na kukitia umanjano. Emma Livry, nyota kijana wa Opera aliyezaliwa mwaka 1842, alikataa. Mwaka 1860 aliandika barua akisisitiza kucheza na sketi yake ya kawaida, na kukubali kubeba mwenyewe dhamana ya lolote litakalotokea. Tarehe 15 Novemba 1862, wakati wa mazoezi ya opera La Muette de Portici, sketi yake ilishika moto. Alifariki Julai 1863, akiwa na miaka 20.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. Kwanza, si kila ukinzani humkomboa anayekinza, kwani Livry alipinga kanuni iliyokusudiwa kumlinda, kwa sababu sanaa yake ilipimwa kwa wepesi wa shashi. Pili, namna kukataa kwake kulivyohifadhiwa inasema mengi: kulibaki katika maandishi yaliyoiondolea taasisi dhamana. Sauti ya mchezaji iliposikika, ilisikika kama saini.

4.2 Viatu Vilivyovuliwa, Mgongo Unaokunwa

Picha ya kwanza ya Degas inayohusu baleti ilioneshwa mwaka 1868. Inamwonesha Eugénie Fiocre katika baleti La Source, akiwa amevaa mavazi ya binti mfalme wa mashariki, ameketi kando ya maji na farasi akinywa. Mtazamaji angeweza kudhani ni kisa cha kale, isipokuwa kwamba baina ya miguu ya farasi pana jozi ya viatu vya baleti. Mchezaji amevivua. Ni mapumziko ya mazoezi, na viatu hivyo vinavunja ndoto ambayo jukwaa lilikuwa likiuza.

Kuanzia hapo Degas aliendelea kuchora kile ambacho tiketi haikuonesha. Katika Darasa la Densi iliyohifadhiwa katika Musée d'Orsay, mwalimu mzee Jules Perrot amesimama katikati ameegemea fimbo yake. Macho ya taasisi yako kwake. Lakini mbele kabisa, msichana aliyekaa juu ya piano ananyoosha mkono kukuna mgongo wake, wala hamtazami mwalimu. Katika toleo jingine la mwaka 1874, lililoko New York, wasichana na mama zao wapatao ishirini na wanne wanangoja huku mmoja tu akitimiza mkao mbele ya mwalimu. Wengine wanarekebisha mavazi, wanaangalia kwingine, wanaegemea ukuta. Hesabu hiyo ina maana: kwa kila mwili mmoja unaotii, ipo mingi iliyojitoa kwa muda.

Katika Mazoezi Jukwaani, ya mnamo 1874, mamlaka yenyewe yameingia ndani ya fremu. Wanaume wawili waliovaa vizuri wameketi kivivu upande wa kulia wa jukwaa, mahali ambapo hawana kazi yoyote ya kufanya. Upande wa pili msichana anajinyoosha na kupiga miayo. Wanaume wanapumzika kwa sababu ni mabwana. Msichana anapumzika kwa kuiba sekunde chache. Mchoraji ameziweka aina mbili za kupumzika katika picha moja, na tofauti yake ndiyo maudhui ya picha. Katika Nyota, pasteli ya mnamo 1876, mchezaji anang'aa mbele ya taa, na nyuma yake, pembeni mwa mapambo ya jukwaa, anaonekana mwanamume wa suti nyeusi ambaye uso wake umefichwa. Kiwiliwili na miguu vinatosha. Anayejua desturi za Opera hahitaji kuoneshwa sura.

Ulinganisho na Jean Béraud unasaidia. Picha yake ya mwaka 1889 ya pembeni mwa jukwaa la Opera inawaonesha wanaume wa kofia ndefu wakizungumza na wachezaji kwa uchangamfu, kana kwamba ni karamu. Hapo msichana yumo katika mchezo na hana uchovu. Kwa Degas, mwili wa mchezaji haukosi kuonesha kuwa umetoka kazini au unarudi kazini.

4.3 Pingamizi: Ukinzani wa Nani?

Inaweza kudaiwa kwamba miayo hiyo ni ubunifu wa Degas tu. Dai hilo lina msingi. Darasa la Densi halikuchorwa darasani. Lilitungwa katika karakana kutokana na michoro ya vielelezo waliolipwa, na toleo la New York lilikamilika wakati jengo linaloonekana ndani yake likiwa limekwisha kuungua. Degas mwenyewe, alipoomba kibali cha kuhudhuria mtihani wa densi, alimkiri rafiki yake kwamba alikuwa amekwisha kuchora mitihani mingi bila kuiona. Aidha, hakuwa mtetezi wa wanyonge: chuki yake dhidi ya Wayahudi wakati wa kesi ya Dreyfus ilivunja urafiki wake wa miaka mingi na Halévy. Msichana aliyesimama katika karakana yake kwa saa nyingi alikuwa chini ya jicho jingine la mamlaka, na miayo yake huenda ilikuwa agizo.

Hata hivyo, uthibitisho haupaswi kutafutwa katika nia ya mchoraji. Unapatikana katika kanuni. Hakuna taasisi inayoweka faini ya kuchelewa pasipo watu wanaochelewa, wala adhabu ya kukosa mazoezi pasipo watu wanaokosa. Jedwali la faini ni picha ya ukinzani iliyochorwa na upande wa pili. Degas hakubuni mwili unaojiondoa kazini. Aliona kwamba ulistahili kuchorwa, na kwa kufanya hivyo alihifadhi kwa huruma ndogo kile ambacho karani alikihifadhi bila huruma yoyote.

5.0 Sanamu ya 1881 na Lugha ya Wahakiki

Sanamu ilipotokea, maneno yaliitangulia. Baadhi ya wahakiki, hasa Joris-Karl Huysmans, waliona ndani yake sanaa mpya iliyothubutu kuacha marumaru na kuchukua kitambaa na nywele. Wengine waliona aibu. Paul Mantz alimwelezea msichana kama kiumbe ambaye uovu umechanua ndani yake kabla ya wakati, na uso wake akauita pua ya mnyama. Wengine walimfananisha na nyani. Katika maonyesho hayohayo Degas alikuwa ameweka pasteli za nyuso za vijana waliokuwa wakishtakiwa mahakamani, akaziita Nyuso za Wahalifu. Zilikuwa zama ambapo Cesare Lombroso, kwa kitabu chake cha mwaka 1876, alikuwa akieneza imani kwamba uhalifu huonekana katika umbo la fuvu na taya. Wasomi wa sanamu hii wameonesha kuwa michoro ya Degas ilikuwa na sura ya kawaida zaidi ya sanamu yenyewe, yaani paji la uso la sanamu lilisukumwa nyuma na taya kusogezwa mbele.

Hapa uhusiano wa mamlaka na lugha unaonekana waziwazi. Msichana hajafanya lolote. Amesimama, mikono nyuma, katika mkao ambao Opera ilimfundisha, akiwa amefumba macho nusu. Mkao huo wa kidevu juu unaweza kuitwa uchovu, kiburi, umakini au ususaji. Wahakiki walichagua kuuita upotovu. Mfuatano wa majina una mantiki yake: taasisi ilimwita panya, mhakiki akamwita mnyama, na sayansi ya zama hizo ikawa tayari kumwita mhalifu. Anayetajwa kwa jina la mnyama haulizwi anataka nini. Kwa hiyo hatia ilihama kutoka kwa mwanamume aliyekuwa na ufunguo wa ukumbi ikatua kwenye uso wa mtoto.

6.0 Marie van Goethem katika Daftari

Marie van Goethem alizaliwa Paris tarehe 7 Juni 1865, mtoto wa wazazi wahamiaji kutoka Ubelgiji. Baba alikuwa mshonaji, mama dobi aliyebaki mjane. Dada yake mkubwa, Antoinette, na mdogo wake, Louise-Joséphine, nao walipita Opera. Marie aliingia shule ya densi mwaka 1878. Mwaka 1880 alifaulu mtihani na kuingia katika kundi la wachezaji wa daraja la chini. Katika miaka hiyohiyo alisimama mbele ya Degas kwa malipo. Muda wa kusimama karakanani ulikuwa muda ulioondolewa kwenye mazoezi au kwenye usingizi.

Mapema mwaka 1882 gazeti moja la Paris lilimsengenya, likidai kuwa huonekana katika vilabu vya pombe na karakana za wachoraji. Mwaka huohuo, baada ya kutozwa faini kwa kukosa kuhudhuria, aliachishwa kazi. Antoinette alifungwa jela kwa wizi. Louise-Joséphine alibaki, akapanda vyeo na baadaye akawa mwalimu wa densi. Ndugu watatu wa nyumba moja, wenye mama mmoja na mshahara wa aina moja, walipata hatima tatu tofauti. Ukweli huo unabatilisha nadharia ya nyuso: kama taya lingekuwa sababu, ndugu hao wasingetofautiana hivyo.

Kutohudhuria kwa Marie ndiko kunakomfanya aonekane katika kumbukumbu. Siku alizofika kwa wakati hazikumpa mstari wowote wa maelezo. Je, alitegea, alisusa, au alikuwa karakanani akitafuta fedha ambazo Opera haikumpa? Daftari halikumuuliza. Neno lililotumika lilikuwa moja tu, kukosekana, na hukumu yake ilikuwa moja. Baada ya kuachishwa, jina lake halimo tena katika orodha za mishahara za Opera. Sanamu ya nta, isiyouzwa katika uhai wa Degas, ilianza kunakiliwa kwa shaba miaka michache baada ya kifo chake. Leo nakala hizo zimo katika makumbusho mengi duniani, na mwili uliofukuzwa kwa kutofika kazini sasa upo kazini kila siku.

7.0 Baada ya Degas: Sheria, Mlango na Ngazi

Mabadiliko yaliyofuata yalitoka pande kadhaa. Sheria ya Machi 1882 ililazimisha elimu ya msingi kwa watoto wa miaka 6 hadi 13. Ilimkuta Marie akiwa amekwisha kupita umri huo. Sheria ya kazi ya Novemba 1892 ilizuia watoto wa chini ya miaka 13 kuajiriwa katika maonyesho ya majumba ya michezo bila idhini maalumu. Desturi ya wateja kuingia ukumbi wa densi ilidumu zaidi ya sheria hizo. Ilikomeshwa katika miaka ya 1930, wakati Serge Lifar akiongoza baleti ya Opera. Yaani mlango uliofunguliwa kwa uamuzi wa kifedha wa miaka ya 1830 ulichukua takriban karne nzima kufungwa.

Tarehe 24 Desemba 2019 wacheza baleti wa Opera walitoka nje ya jengo la Garnier na kucheza sehemu ya Swan Lake kwenye ngazi, mbele ya wapita njia, wakipinga mageuzi ya pensheni. Mpango wao wa pensheni, ulioasisiwa mwaka 1698 enzi ya Mfalme Louis XIV, uliwaruhusu kustaafu wakiwa na miaka 42. Tofauti na wenzao wa karne ya kumi na tisa, walikuwa na chama, mkataba na jina la dai lao. Mgomo haukuwa baridi tena. Lakini silaha ilikuwa ileile: mwili uliofunzwa, uliochagua wapi utacheza na wapi hautacheza.

Kwa washauri wa sera, historia hii ina mambo matatu ya kuzingatia popote watoto wanapofanya kazi ya jukwaani. Kwanza, ulinzi wa mtoto unategemea mpangilio wa vyumba na funguo kama unavyotegemea maadili ya watu. Nani anaruhusiwa kuingia mahali pa mazoezi ni swali la kisera. Pili, ruzuku isiyotosha huwafanya wafadhili kuwa watawala, na mfadhili anayelipa taasisi asipewe njia ya kumfikia mtoto. Tatu, rekodi za utoro na adhabu zisomwe kama taarifa kuhusu mahali pa kazi kabla ya kusomwa kama taarifa kuhusu tabia ya mtoto. Utoro wa wasichana kumi ni dalili ya taasisi.

8.0 Hitimisho

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wasichana waliochorwa na Degas hawakuacha hotuba wala malalamiko yaliyochapishwa. Waliacha mgongo unaokunwa, viatu vilivyovuliwa, miayo kando ya wanaume wanaostarehe, na faini. Makala imeonesha kuwa ushahidi huo unapata maana pale picha na daftari zinaposomwa pamoja, na kwamba maneno yanayotumika kuufasiri yana nguvu ya kumshtaki au kumtetea mtoto. Kiswahili, kwa kutofautisha kutegea, kususa na mgomo baridi, kinampa mtafiti nafasi ya kuuliza swali ambalo karani wa Opera hakuliuliza: huyu amejiondoa kwa nini? Swali hilo linamstahili Marie van Goethem, aliyesimama mikono nyuma, kidevu juu, akingoja mtu amwite kwa jina lake.